Kijana wa Kilosa anayeziweza hesabu achague takwimu za afya

Mtu anayetoka Morogoro akifika Mikumi, wilayani Kilosa, hukuta barabara kuu ikiendelea Iringa, Mbeya hadi Tunduma, na nyingine ikikata kushoto kwenda Kidatu na Ifakara. Huko Ifakara, mwaka 1957, Waswisi chini ya Profesa Rudolf Geigy walifungua maabara ndogo ya kuchunguza magonjwa ya kitropiki, na maabara hiyo ndiyo iliyokua hadi kuwa Taasisi ya Afya Ifakara ya leo. Kwa miongo mingi sasa wananchi wa mkoa wa Morogoro wamehesabiwa nyumba kwa nyumba, wametolewa damu vidoleni, wameulizwa habari za vyandarua na za vifo vya watoto wao, na majibu yao yamesomwa duniani kote. Lakini kijana wa Kilosa mwenye shahada ya kwanza, awe muuguzi, mtaalamu wa maabara, mwalimu wa hisabati au mhitimu wa takwimu, anapofikiria shahada ya uzamili na kujikuta kati ya epidemiolojia na bayostatistiki, yaani takwimu za tiba na afya, hupewa ushauri wa aina mbili tu: soma yenye ajira, au ikimbie yenye hesabu. Ushauri huo haumfai yeye wala nchi yake. Nasema kijana anayeziweza hesabu achague takwimu za afya, na epidemiolojia aifuate akiwa kazini. Nitatoa sababu, kisha nitawajibu wanaoona kinyume, kwa sababu wana hoja nzito.

Kwanza tuelewane fani hizi ni zipi. Ni ndugu wa karibu kiasi kwamba Chuo Kikuu cha Muhimbili kinaziweka katika idara moja, na chuo kikuu cha tiba cha KCMC kule Moshi kinatoa shahada moja ya uzamili yenye majina yote mawili. Hata hivyo kila moja ina kazi yake. Mtaalamu wa epidemiolojia huuliza nani anaumwa, wapi, tangu lini na kwa sababu gani. Kipindupindu kikiingia kijijini, yeye ndiye anayetunga fasili ya nani ahesabiwe mgonjwa, anayefuatilia waliokula au kunywa pamoja, na anayetafuta kisima kilichochafuka. Mtakwimu wa afya huuliza ni kwa kiasi gani tuamini jibu lililopatikana. Watu wangapi wachunguzwe? Wachaguliweje? Tofauti iliyoonekana yaweza kuwa bahati tu? Waliohama au kufa kabla ya utafiti kwisha wahesabiweje? Darasani, wa kwanza atakaa zaidi na uchunguzi wa milipuko, ufuatiliaji wa magonjwa na mbinu za utafiti. Wa pili atakaa na nadharia ya uwezekano, sampuli, modeli za rigresheni na programu kama R na Stata.

Kazi mbili zilizofanyika bonde la Kilombero, upande ule inakoelekea barabara ya Ifakara, zinaonyesha uzito wa swali la mtakwimu. Mwaka 1994 jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya jaribio la chanjo ya malaria iitwayo SPf66, iliyotengenezwa na Manuel Patarroyo wa Colombia. Jaribio lilifanyika kijijini Idete kwa watoto 586 wenye umri wa mwaka mmoja hadi mitano, na ikaonekana chanjo imepunguza malaria kwa asilimia 31. Mwaka 2001 jarida hilohilo lilichapisha matokeo ya mradi wa KINET, uliosambaza vyandarua vyenye dawa katika wilaya za Kilombero na Ulanga, na ikaonekana vyandarua vinaongeza uhai wa watoto wadogo kwa asilimia 27. Mtu akiwekewa namba hizo mbili mezani, 31 na 27, atasema chanjo imeshinda. Mtakwimu atasoma kilichoandikwa ndani ya mabano yanayofuata. Kwa chanjo, wigo wa makisio ulianzia sifuri ukaishia 52. Maana yake ni kwamba data ile haikuweza kuondoa uwezekano kuwa chanjo haina faida yoyote. Kwa vyandarua wigo ulikuwa 3 hadi 45. Nao ni mpana, lakini haukugusa sifuri, na nyuma yake yalikuwapo majaribio ya Gambia, Kenya na Ghana yaliyoelekeza upande huohuo.

Yaliyofuata yalithibitisha tahadhari hiyo. SPf66 ilipojaribiwa Gambia na matokeo yakatoka mwaka 1995, na Thailand mwaka 1996, haikuonekana kinga. Baadaye ilijaribiwa kwa watoto wachanga hapahapa Tanzania, ikashindwa. Chanjo ikaachwa. Vyandarua vikaingia kwenye sera ya taifa, na kuanzia mwaka 2004 mpango wa Hati Punguzo ukawawezesha wajawazito kuvipata kwa bei nafuu. Serikali iliyoishia kuisoma ile 31 ingeweza kutumia fedha za wananchi kununua chanjo isiyokinga. Kati ya uamuzi mwema na hasara kubwa palikuwa na mtu aliyejua kusoma upana wa makisio na kudai ushahidi zaidi. Huyo ndiye mtu ambaye nchi yetu haina wa kutosha.

Sasa tutazame nani alishika kalamu. Mwandishi wa kwanza wa matokeo ya Idete alikuwa Pedro Alonso wa Hispania, na wa pili Thomas Smith, mtakwimu kutoka Taasisi ya Tropiki ya Uswisi mjini Basel. Sioni ubaya katika hilo. Kazi yao ilikuwa ya uaminifu na watoto wetu wamefaidika nayo. Lakini katika orodha hiyohiyo ya waandishi lipo jina la H. Masanja. Mwaka 2008 Honorati Masanja alikuwa mwandishi wa kwanza, katika Lancet hiyohiyo, wa uchambuzi wa takwimu za taifa zima ulioonyesha kwamba vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano Tanzania vilipungua kwa asilimia 24 kati ya mwaka 2000 na 2004. Baadaye akawa mkurugenzi mtendaji wa Taasisi ya Afya Ifakara. Anayeumudu uchambuzi hafiki mwisho wa safari akiwa mkusanyaji wa madodoso ya wenzake. Hufika mahali pa kuamua swali gani liulizwe. Majaribio makubwa hayajakoma: chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa kwa watoto 15,459 katika nchi saba za Afrika, na Bagamoyo na Korogwe zilikuwa miongoni mwa vituo vyake. Katika kila jaribio la aina hiyo mpango wa uchambuzi huandikwa kabla matokeo hayajafunguliwa, na anayeuandika ndiye anayeamua nini kitahesabiwa mafanikio. Watoto wakiwa wetu na mpango ukiandikwa mbali, tumebaki wageni katika jambo letu wenyewe.

Hesabu hizi haziishii kwenye majarida; zinafika kwenye bajeti ya halmashauri. Katika miaka ya 1990 Wizara ya Afya na shirika la IDRC la Canada waliendesha mradi wa TEHIP katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini, jirani na Kilosa. Takwimu zilitokana na kuhesabu vifo majumbani na kuwahoji wafiwa kuhusu dalili za marehemu, maana wengi hufa bila kufika hospitali. Zilipolinganishwa na matumizi ya fedha, ilionekana kwamba Morogoro malaria ilibeba asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea lakini ilipata asilimia 5 tu ya bajeti ya afya ya mwaka 1996. Hapakuwa na mwizi katika kisa hiki. Fedha zilikwenda kwa mazoea kwa sababu hapakuwa na namba ya kuyapinga mazoea. Mipango ilipofuata mzigo halisi wa magonjwa, na kuongezewa fedha kidogo, vifo vya watoto katika wilaya hizo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40 ndani ya miaka mitano. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na uhai nao ni mali.

Hapa ndipo anaponikatiza mpinzani wangu wa kwanza, na ndiye mwenye hoja nzito kuliko wote. Atasema: daftari lenyewe ndilo bovu, sasa mtakwimu atachambua nini? Nenda zahanati yoyote ya tarafa ya Mikumi, ufungue Kitabu namba 5 cha MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za uendeshaji wa huduma za afya; ndicho kitabu cha wagonjwa wa nje. Mhudumu mmoja, foleni ikiwa imefika uwanjani, anajaza umri, jinsi, kijiji, kipimo na ugonjwa, kisha mwisho wa mwezi anahesabu mstari kwa mstari na kupeleka jumla wilayani iingizwe kwenye mfumo wa kompyuta wa DHIS2. Mstari ulioachwa wazi hauwezi kujazwa na mtaalamu wa Dar es Salaam. Ataongeza mfano wa homa ya Bonde la Ufa, iliyotambuliwa Januari 2007 na kufika hata mkoa wa Morogoro. Mlipuko ulipokwisha Juni, walikuwa wameandikwa washukiwa 511 katika mikoa 10. Kati yao 186 walithibitishwa maabara na 123 wakachukuliwa kuwa huenda ni wagonjwa kweli. Vifo vilikuwa 144. Ukivigawa kwa washukiwa wote, homa hiyo imeua asilimia 28. Ukivigawa kwa wale 309 peke yao, imeua karibu asilimia 47. Nani aingie kwenye kigawanyo ni swali la epidemiolojia, na ni epidemiolojia iliyogundua kwamba hatari ilitokana na kushika wanyama wagonjwa, damu, nyama na maziwa yao, jambo linalowagusa moja kwa moja wafugaji wa Parakuyo na Twatwatwa wilayani Kilosa.

Nakubali kila neno la hoja hiyo, ila hitimisho lake. Kati ya wale wagonjwa 309 wa homa ya Bonde la Ufa, 169 walikutwa pia na vimelea vya malaria. Je, walikuwa wanaumwa malaria? Katika maeneo yenye malaria nyingi mtu mzima wa afya anaweza kutembea na vimelea damuni bila kuugua, kwa hiyo kuwa na homa na vimelea kwa pamoja hakuthibitishi kwamba vimelea ndivyo vilivyoleta homa. Fumbo hilo lilitafutiwa ufumbuzi mwaka 1994 na Thomas Smith na Joanna Schellenberg, ambao wote wawili ni miongoni mwa waandishi wa jaribio la Idete, wakishirikiana na Richard Hayes wa London. Walitumia modeli ya kitakwimu kukadiria ni sehemu gani ya homa inasababishwa na malaria kweli, na wingi gani wa vimelea utumike kumtambua mgonjwa. Makala yao yalitoka katika jarida la takwimu za tiba, na njia hiyo imetumika sana katika majaribio ya chanjo. Kwa maneno mengine, fasili ya mgonjwa, ambayo ndiyo silaha ya kwanza ya mtaalamu wa epidemiolojia, katika mazingira yetu ilinolewa na watakwimu. Na daftari bovu nalo linahitaji mtu anayejua kukadiria ubovu wake: ni wagonjwa wangapi hawakufika zahanati, ni zahanati zipi hazikuleta taarifa, na jumla ibadilike vipi kwa sababu hiyo. Mtakwimu anayelijua Kitabu namba 5 atayafanya hayo. Asiyelijua ataipokea jumla kama ilivyo, na ndiyo maana nasisitiza awe mtu wa hapa.

Mpinzani wa pili anasema mambo ya ajira. Epidemiolojia, anasema, ina nafasi serikalini: waratibu wa ufuatiliaji wa magonjwa wanahitajika kila mkoa na wilaya, na milipuko haikomi. Ni kweli. Homa ya mgunda ilipozuka Ruangwa mwaka 2022 na Marburg ilipoingia Kagera mwaka 2023, timu za uwandani ndizo zilizotangulia, na heshima yao wanaistahili. Lakini kwa upande huo nchi imejenga njia. Tangu mwaka 2008 Tanzania ina programu ya mafunzo ya epidemiolojia ya uwandani na maabara, yenye shahada ya uzamili na pia ngazi fupi za miezi michache kwa watumishi walioko wilayani. Mtumishi anaingia akiwa kazini na anatoka akiwa na ujuzi wa kuchunguza mlipuko. Kwa takwimu za afya hakuna ngazi fupi ya namna hiyo inayomfikisha mtu mbali. Na mtakwimu hafungwi na sekta moja: atafaa Ofisi ya Taifa ya Takwimu, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), Taasisi ya Ifakara, vyuo vikuu, bima ya afya, na hata nje ya afya kabisa akilazimika. Anayedhani bila shahada ya udaktari atabaki karani wa madaktari amkumbuke Austin Bradford Hill wa Uingereza. Shahada yake ilikuwa ya uchumi, lakini ndiye aliyesimamia muundo wa jaribio la streptomycin kwa kifua kikuu lililochapishwa mwaka 1948, na mwaka 1950 yeye na daktari Richard Doll wakaonyesha uhusiano wa sigara na saratani ya mapafu.

Wa tatu, na sauti yake inapanda kila mwaka, anasema kompyuta na akili bandia zitafanya uchambuzi wote, basi kwa nini mtu ateseke miaka miwili na hesabu? Jibu langu ni Idete. Programu yoyote ya kompyuta ikipewa data ya Idete itatoa 31 na wigo wake kwa sekunde moja. Haitamwambia waziri asinunue chanjo. Haitauliza kwa nini familia fulani zilihama kabla ya dozi ya tatu, wala haitajua kwamba msimu wa kilimo watu wa Kilombero huhamia mashambani na kulala kwenye vibanda mbali na kijiji. Kadiri mashine zinavyorahisisha kutoa namba, ndivyo anavyohitajika zaidi mtu mwenye elimu ya kuikataa namba isiyo na msingi. Taifa lisilo na watu hao litapokea kila namba inayoletwa, nzuri na mbaya, kwa unyenyekevu uleule.

Wapo wanaoniuliza, kwa haki kabisa, kwa nini nisishauri shahada ya pamoja kama ile ya Moshi na kuyamaliza. Kwa wengi ni chaguo zuri. Muuguzi au tabibu aliyefanya kazi miaka kumi katika Hospitali ya Mtakatifu Kizito hapo Mikumi, anayewajua wagonjwa wake na anayetaka kuongoza ufuatiliaji wa magonjwa wilayani, asome epidemiolojia au hiyo ya pamoja, wala asisite. Uzoefu wake ni hazina, na kumfungia na nadharia ya uwezekano ni kuipoteza. Ushauri wangu unamlenga mwingine: kijana wa miaka ishirini na kitu, mwenye msingi mzuri wa hisabati, ambaye bado hajafungwa na kituo cha kazi. Huyo ni adimu. Kwa miaka mingi hisabati ya kidato cha nne imekuwa ikifaulisha takriban mtahiniwa mmoja kati ya watano, na wachache kati ya hao huifikisha chuo kikuu. Kipaji adimu kiende kwenye pengo kubwa zaidi. Tena umri una maana yake. Aliyejenga hesabu zake mapema anaweza kuingia uwandani akiwa na miaka thelathini, arobaini au hamsini na akajifunza milipuko kwa kuifanyia kazi. Anayeziacha hesabu akiwa na miaka ishirini na mitano, akija kuzitafuta akiwa na watoto, mkopo na cheo, kwa kawaida hazipati tena.

Sharti moja nitaliweka. Mtakwimu wa afya asiyewahi kukaa kijijini ni hatari karibu sawa na asiyejua takwimu. Vyuo vyetu vimtake kila mwanafunzi wa uzamili wa bayostatistiki akae walau muhula mmoja wilayani, ajaze daftari la zahanati kwa mkono wake, aende na wadodosaji nyumba kwa nyumba, aone taarifa inavyopotea njiani kutoka kitanda cha mgonjwa hadi skrini ya kompyuta. Halmashauri ya Kilosa iwapokee bila masharti magumu, maana itakayonufaika kwanza ni bajeti yake yenyewe. Taasisi zinazofanya utafiti kwa fedha za nje ziandike katika mikataba yao kwamba kila mradi mkubwa utamsomesha Mtanzania mmoja wa takwimu hadi aweze kuandika mpango wa uchambuzi, na jina lake liwe juu ya mpango huo. Hilo ni gharama ndogo kwa jaribio linalotumia maelfu ya watoto wetu.

Na wewe kijana wa Mikumi, Kidodi, kata ya Ulaya au Kilosa mjini, unayejaza fomu ya maombi mwaka huu: kama hesabu zinakupa raha, usizikimbie kwa sababu wenzako wanazikimbia. Omba bayostatistiki. Madaktari wa kuwatibu wagonjwa wetu tunaendelea kuwapata, na wachunguzi wa milipuko tumeanza kuwapata. Tunaowakosa ni watu wa kwetu wenye uwezo wa kusimama mbele ya wizara, ya wafadhili na ya wananchi na kusema kwa ushahidi: namba hii ni ya kuaminiwa, na ile si ya kuaminiwa.